Usinitaje, Papa Pitchou

Shemeji yangu Papa Pitchou anasoma matangazo kwenye redio ndogo ya hapa Kasongo, na kwa kuwa amemwoa dada yangu mkubwa Marcelline, ninayo haki ya kumcheka hadharani. Haki hiyo nimeitumia vizuri. Cherehani yangu iko barazani kwenye nyumba hiyo hiyo ya redio, dirisha la studio liko nyuma ya mgongo wangu, kwa hiyo kila anachosoma nakisikia mara mbili: kwanza kutoka kinywani mwake, halafu kutoka redio ya muuza mchele aliye ng'ambo ya barabara.

Sauti anayo. Akitangaza msiba, hata wasiomjua marehemu wanaacha kula. Akitangaza mbuzi aliyepotea, unamwona mbuzi. Huku kwetu ukitaka kumpata mtu huhangaiki kumtafuta. Unakuja barazani, unasalimia, unaleta komunike yako, yaani tangazo, na jioni Papa Pitchou anaisoma: fulani, mtoto wa fulani, wa kijiji fulani, anayekaa sasa mahali fulani. Lazima ayaseme yote, maana majina yetu yanafanana na hakuna anayetaka kulia kwenye msiba wa watu wengine. Kazi hiyo ameifanya tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Hakuna mtu mjini anayejua mambo ya watu kama yeye, na sijawahi kusikia aulizwe habari za mtu akakosa jibu.

Sasa mtu wa namna hiyo, niambie wewe, ndiye wa kupewa kazi ya kutangaza shirika linalolinda siri za watu?

Shirika lenyewe linaitwa Funga Mlango. Ni la vijana wa Kindu, halitafuti faida, na mali yake yote ni kompyuta chache na pikipiki moja inayokohoa. Linatetea haki ya mtu juu ya mambo yake yaliyomo kwenye simu: picha zake, maneno aliyowaandikia wenzake, namba yake, mahali alipo. Anayeliwakilisha hapa ni Rosine, msichana mwembamba mwenye miwani, anayeongea polepole kama mtu aliyebeba mayai. Alimwomba shemeji kipindi kila wiki, akampa na fulana ya bluu yenye picha ya kufuli. Shemeji aliivaa siku hiyo hiyo, na dada yangu anasema alilala nayo.

Shida ni kwamba hakuelewa. Simsengenyi, maana hata sisi wengine hatukuelewa. Rosine alimweleza kuwa si kila mtu anapaswa kujua kila jambo la mwenzake, shemeji akaitikia kwa kichwa mpaka mwisho, kisha akaja kukaa kwenye benchi langu.

"Shemeji," akaniambia, "kama mutu haiko na kitu ya kuficha, atafunga mulango juu ya nini?"

"Wewe njo umevaa kufuli kwa kifua. Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza juu ule mutoto ataniona mujinga."

Kwetu mlango ukifungwa mchana, ndani kuna mgonjwa au kuna ugomvi, na majirani wana wajibu wa kubisha. Katika kipindi cha kwanza mzee mmoja alipiga simu kutoka Nyangwe akasema wahenga walishatuambia mficha uchi hazai, sasa hawa watoto wa Kindu wanataka tufiche nini? Papa Pitchou akamsukumia Rosine kipaza sauti. Rosine ndiye aliyejibu, kwamba mama anayejifungua anamwonyesha mkunga, haendi kujionyesha sokoni. Mzee akacheka sana. Shemeji naye akacheka, lakini mimi nilimtazama dirishani, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeshushwa katika kijiji kisicho chake.

Hata hivyo alilitangaza shirika kwa nguvu zake zote. Akilipenda jambo halipendi nusu. Kila akimaliza vifo na mbuzi, aliongeza: ungeni mkono Funga Mlango, ni watoto wetu, wanafanya kazi bila mshahara, wana mkutano mkubwa unakuja, wageni watakula nini? Na watu wakaunga mkono, kwa namna yetu. Walileta mchele, mawese, sombe, majani yetu ya muhogo, iliyokwisha kutwangwa, kuku wakining'inia kwenye baiskeli. Ukiwauliza shirika hilo linafanya nini, walijibu kwamba ni la Papa Pitchou.

Miongoni mwa waliokuja alikuwa mwanamke mmoja, muuza samaki wa kukausha na mteja wangu. Tumwite Waridi. Jina lake la kweli lilikwisha kusomwa mara moja, na mara hiyo moja inatosha. Habari zake nilikuja kuzijua baadaye, lakini wewe nakupa sasa, usije ukatembea gizani kama tulivyotembea sisi.

Waridi alikuja na mumewe kutoka mbali, wakafika Lusangi kwenye machimbo ya dhahabu. Mume alikuwa mnunuzi, na watu wanamwita Kadogo, ingawa milangoni anapita akiinama. Alimpiga. Waridi akakimbilia Kabambare kwa mama yake mdogo, na kabla hajamaliza sahani aliyoandaliwa, Kadogo alikuwa uani anasalimia wenyeji kwa upole. Akarudishwa. Akatoroka tena, akavuka Lualaba kwa mtumbwi, akamkuta mumewe ukingoni anamsubiri. Hapo alijua kuwa amefanyiwa dawa. Akatupa hereni alizopewa, akaoga majani, akachoma nguo. Simu tu ndiyo aliyoibakiza, maana ndiyo zawadi nzuri pekee aliyowahi kupewa na yule mwanamume, na ilikuwa mpya.

Mara ya tatu alitorokea hapa Kasongo, na hapa Rosine aliishika ile simu, akaichunguza, akamwambia dawa ni hii hapa mkononi mwako. Kadogo alikuwa ameitengeneza kabla ya kuitoa. Kila alikokwenda Waridi, simu ilikuwa inamwambia mumewe. Shirika likampa simu nyingine na namba nyingine, likamfundisha namna ya kuitumia, na Waridi akakaa Kasongo kwa amani. Alipata meza ya samaki. Alianza kunenepa kidogo, akaniletea kitenge cha kijani nimshonee blauzi inayobana kiunoni, jambo ambalo mtu mwenye hofu haliombi.

Basi siku moja kabla ya mkutano alipanda barazani na kikapu cha samaki kichwani. Nilikuwapo.

"Papa Pitchou, hii ni ya mukutano. Ule mutoto Rosine alinisaidia sana. Lakini tafazali, usinitaje."

"Sawa, mama," shemeji akajibu. "Sitakutaja."

Kisha akanigeukia na kunikonyeza.

Hapa inabidi nikueleze kitu, la sivyo utamwona shemeji ni mtu mbaya. Kasongo nzima inasema usinitaje. Mtu mwenye adabu akitoa kitu kwa ajili ya msiba au sherehe, hawezi kufungua kinywa akasema nitaje, ni aibu. Anasema usinitaje, anaenda nyumbani, anafungua redio na kusogeza kiti. Zamani, Papa Pitchou akiwa bado mgeni kwenye kazi, Mzee Bulaimu alileta mbuzi kwenye msiba wa jirani na kusema usinitaje. Shemeji akatii. Mzee Bulaimu hakumpa salamu mpaka kiangazi kilipozunguka tena, na alimtuma mkewe aje kuuliza kama yule mbuzi alikuwa mnyama wa porini asiye na mwenyewe. Tangu hapo shemeji akajua: anayesema usinitaje anatajwa, na anayeisema kwa kunong'ona anatajwa wa kwanza.

Waridi alikuwa amenong'ona.

Mkutano ulikwenda vizuri, wageni wakala wakashiba, na jioni ikasomwa komunike ya shukrani. Jina la kwanza lilikuwa la Waridi. Shemeji alilisoma kwa ile sauti yake ya Pasaka: jina lake, binti wa nani, wa kijiji gani, aliyetoka Lusangi, anayekaa sasa Kasongo, mtaa gani, nyuma ya nyumba ya nani, anayeuza samaki bora kuliko wote. Nililisikia mara mbili. Nisikudanganye, nilifurahi. Nilisema moyoni, ona jinsi alivyopata mji.

Majina yalikuwa bado yanaendelea Rosine alipofika anakimbia, kandambili moja mkononi. Alisimama dirishani mpaka shemeji akatoka, amejaa tabasamu.

"Papa, umesoma jina yake."

"Njo! Ya kwanza kabisa!"

"Alikuomba nini?"

"Aliniomba nisimutaje." Tabasamu lilikuwa bado lipo. "Sawa vile watu wote wanaombaka."

Rosine akaketi kwenye benchi langu. Akatueleza, kwa kifupi na kwa sauti ya chini: mume, simu, kukimbia. Nikaacha kukanyaga cherehani. Shemeji alisikiliza akiwa amesimama, anavuta vuta ile fulana ya kufuli.

"Lakini mi nilimuheshimu," akasema. "Angalia shemeji hapa, alisikia. Nilimuheshimu kupita wote."

Akajaribu njia nyingine.

"Radio yetu haifike Lusangi. Iko ndogo."

Marcelline alikuwa amefika na chakula cha mumewe, akakiweka chini.

"Radio haifike," dada yangu akasema. "Watu wanafika."

Na hata kufika hakukuhitajika. Muuza mchele wa ng'ambo alikuwa na dada yake katika wale waliotajwa, akarekodi komunike yote kwenye simu kwa furaha, akaituma kwa wenzake wanaopeleka mchele machimboni. Hakumtakia mtu yeyote ubaya. Nilipokwenda kumuuliza alinichezea sauti ya shemeji na kuniuliza kama haikutoka vizuri.

"Basi kesho nitarekebisha," Papa Pitchou akasema. "Nitasoma: ule mama haiko Kasongo, tulikosea."

"Papa, ukisema haiko, watajua iko."

"Nitasema basi watu wasimwambie mutu yeyote."

"Utasema hiyo kwa radio?"

Akapiga hatua kuelekea studio, akarudi. Nimemjua shemeji miaka mingi, nimemwona kwenye njaa na kwenye vita, lakini sikuwahi kumwona hivyo. Maisha yake yote, jambo likiharibika alilitengeneza kwa kulitangaza. Sasa alitakiwa alitengeneze kwa kunyamaza, na hakujua mtu anaanzia wapi kunyamaza. Nilimwonea huruma, na papo hapo nilitamani kumpiga na pasi.

Kesho yake meza ya samaki ilikuwa tupu. Waridi hakuaga. Mteja wake mmoja aliniuliza kahamia wapi, nikamwambia sijui, na kweli sikujua. Blauzi ya kijani ilikuwa imebaki vifungo tu. Nilivishona, nikaitundika ukutani nyuma yangu, kwa kuwa sikujua la kuifanya.

Siku chache baadaye pikipiki ikasimama mbele ya baraza. Aliyeshuka alikuwa mwanamume mkubwa, nadhifu, kuku mkononi. Alinipa salamu nzuri, akaniuliza kazi inakwendaje. Akainama chini ya paa la baraza, na hapo mikono yangu ikaacha kushona kabla kichwa changu hakijaelewa kwa nini.

"Papa Pitchou njo wewe?" akauliza. "Ile sauti nilisikia kwa telefone. Unasomaka muzuri sana."

"Aksanti," shemeji akasema. Mazoea hayo.

"Niko na komunike. Muke yangu iko hapa, wewe mwenyewe ulisema. Mama yake iko mugonjwa sana, anamuita. Useme arudi mbio, mama asikufe bila kumuona." Akamweka kuku chini. "Hii ni ya kazi yako. Usinitaje."

Shemeji alimtazama kuku. Najua alichokuwa anafikiri, maana nami nilikifikiri. Komunike ya mama mgonjwa haikataliwi. Hata mtu uliyegombana naye ukamkata kwa jembe, akileta habari ya mama mgonjwa, unaisoma. Na kama ni kweli? Kama kuna mama mahali fulani amelala anasema leteni mwanangu, nasi tumekaa hapa tumefunga milango? Mkurugenzi wa redio mwenyewe amebandika karatasi studio kwamba komunike za wagonjwa zisomwe kwanza. Mbele yangu kilisimama kitu ambacho sikujua ni dhambi kukifanya au ni dhambi kukiacha.

"Hii sitaisoma," Papa Pitchou akasema.

"Juu ya nini?"

"Sitaisoma tu."

"Ile ingine uliisoma."

Shemeji akainamisha kichwa. Kadogo, maana ndiye aliyekuwa, akamsogelea, bado mpole, na upole wake ndio ulionitisha.

"Basi uniambie tu. Ulisema anakaa nyuma ya nyumba fulani. Nimetoka kule, chumba iko wazi. Amekwenda wapi?"

"Sijue."

"Wewe? Wanasema kwa hii mji hakuna kitu hujue."

"Hii sijue."

Ilikuwa kweli tupu. Hakuambiwa. Kadogo alimkazia macho kwa muda mrefu, akitafuta uongo katika uso ambao haujawahi kuweza kuuficha, na hakuukuta, kwa sababu haukuwamo. Kisha akanigeukia mimi. Akanyoosha mkono juu ya kichwa changu, akashika mkono wa ile blauzi ya kijani kwa vidole viwili.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yangu," nikasema.

Mimi ni mwanamke mnene. Blauzi ile isingepita hata kwenye paja langu. Akaitazama, akanitazama, na Papa Pitchou naye akanitazama, na sijui kwa nini yule mtu aliachia. Labda hakutaka kumwambia mwanamke mgeni kwamba ni mnene. Akamchukua kuku wake, akawasha pikipiki. Alizunguka sokoni siku mbili tatu akiuliza kwa adabu, kisha akaondoka mjini. Hatujui kama ataacha.

Kipindi kilichofuata shemeji alikuja na maneno aliyoyafikiria mwenyewe. Alisema: "Tunawashukuru waliotuunga mkono, na kuanzia leo, ukisema usinitaje, sitakutaja." Baada ya hapo akaweka muziki.

Mji ulikasirika. Mzee Bulaimu alisema alijua tangu zamani kwamba yule ni mtu wa kula mbuzi wa watu kimya kimya. Wanawake wawili walirudi kuchukua mchele wao. Rosine alilia kidogo, kwa kuwa shirika linahitaji watu, na watu wenyewe hawaelewi ni haki gani hii inayowanyima hata kutajwa. Halafu juzi mama mmoja akaja na sahani ya unga, akaangalia kushoto na kulia kama mwizi, akaniinamia sikioni: "Umwambie anitaje." Sijawahi kulisikia neno hilo tangu nizaliwe. Aliona aibu mpaka akajikwaa kwenye ngazi.

Blauzi ilitoka ukutani jana. Marcelline aliingia barazani, akaishusha, akaikunja na kuiweka chini ya kitenge chake.

"Itafika?" nikamuuliza.

"Itafika."

Papa Pitchou alikuwa mlangoni pa studio, amevaa fulana yake ya kufuli, ambayo sasa imepauka. Akaona.

"Mama yake," akasema. "Kama alikuwa mugonjwa kweli? Mi sipate usingizi. Labda niliua mutu."

"Mama yake alikufa zamani," dada yangu akamjibu. "Ule bwana yake alidanganya."

Shemeji akakaa chini sakafuni, palepale. Akashusha pumzi, akaifuta shingo kwa fulana. Kisha nikaona habari ikimfikia, maana uso wake, kama nilivyosema, hauwezi kuficha.

"Umejua namna gani? Umemuona?"

Marcelline alikaza kitenge juu ya blauzi. Alikuwa anajua. Mke wake, anayekula naye sahani moja, alikuwa akijua tangu ile asubuhi ya meza tupu, na alikuwa amemwacha alale na kuamka kando yake bila kumwambia. Niliona jambo hilo likimchoma shemeji. Akafungua kinywa kuuliza, na Marcelline akamgeukia, na nadhani angemwambia, kwa kuwa anampenda na amechoka kumwona hivi.

"Usiniambie," Papa Pitchou akasema.

Dada yangu akamtazama kwa makini. Hapa mjini usiniambie ni ndugu yake usinitaje: mtu anaisema huku anasogeza kiti karibu.

"Marcelline, hii mi niko nasema kwa kweli. Usiniambie."

Akainuka, akaingia studio na kufunga mlango, mchana kweupe. Sikumcheka.